Kitanda cha Guangzhou, pesa za Misiera

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda, MBARARA

Misiera ni vigumu kupata duka lisilo na kitu cha China. Tochi za sola zinazoning'inia mlangoni, kandambili, sufuria, simu za Tecno na itel, hata vitenge vya Hitarget ambavyo akina mama wa Kikongo huvisugua kwa vidole viwili kabla ya kutaja bei, vyote vimevuka bahari. Wauzaji wengi wa hapa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, huchukua mzigo Mbarara au Kampala. Bei wanayokuta huko imeshapita mikono mingi, na kila mkono umeongeza chake.

Ndipo linapokuja wazo la kuchanga na kutuma mtu. Watu wanane au kumi wanaweka fedha pamoja na kumteua mmoja mwenye karatasi za kusafiria. Anakwenda Guangzhou wiki mbili, anarudi na risiti na sampuli, na mzigo wenyewe unafuata kwa meli hadi Mombasa, unapita Malaba, unafika Kampala, kisha Mbarara. Wengine hupitisha Dar es Salaam na Mutukula. Nilikaa na kikundi kimoja cha namna hiyo, Wakongo na Warundi, wakipiga hesabu kwenye daftari la shule. Walijua bei ya dazani ya viatu vya watoto. Walijua kwamba kontena la mchanganyiko hulipiwa kwa ujazo. Walikuwa na safu ya tiketi, viza na chakula. Safu ya malazi ilikuwa na neno moja tu: atajitafutia.

Hapo ndipo pesa za watu zinapoweza kupotea.

Mapokezi ya hoteli ni kazi ya polisi

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inataka kila mgeni aandikishwe mahali anapolala. Akilala hotelini, hoteli yenyewe ndiyo inayomsajili na kupeleka taarifa zake polisi. Mhudumu huchukua pasipoti, huipiga picha au kuiweka kwenye mashine, hutafuta ukurasa wa viza na muhuri wa kuingia, kisha huirudisha. Mgeni hana la kufanya zaidi.

Akilala kwingine, kwa rafiki, kwa jamaa au katika nyumba ya kupanga, mambo ni tofauti. Ndani ya saa 24 yeye au mwenyeji wake lazima afanye usajili huo kwa polisi wa mtaa. Asipofanya hivyo anaweza kuonywa na kutozwa faini inayofika yuan 2,000, ambazo kwa viwango vya karibuni ni kama Sh1 milioni za Uganda.

Sasa mfikirie msafiri wa Misiera. Ametua uwanja wa Baiyun, amechoka, na mtu aliyemjua kupitia mtu anamwambia kuna kitanda katika nyumba moja karibu na Xiaobei. Chumba kina vitanda sita, bei ni robo ya hoteli, na wote waliomo wanazungumza Kiswahili, Kifaransa au Kilingala. Kinavutia, na sitamlaumu anayevutiwa. Lakini anayekodisha vitanda hivyo bila leseni hatakubali kuongozana naye kituoni, kwa sababu atakuwa anajipeleka mwenyewe. Kesho yake mgeni wetu ana viza halali na pasipoti halali, ila yuko nje ya sheria, na mfukoni ana fedha za watu kumi.

Ubaya wake hauonekani siku hiyo. Unaonekana pale polisi wanapokagua karatasi mtaani, jambo ambalo si geni Xiaobei wala Sanyuanli, na sheria inamtaka mgeni yeyote wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti yake. Unaonekana mzigo ukichelewa kiwandani na msafiri akahitaji kuongeza siku za viza, kwa maana ofisi ya uhamiaji ya polisi itamwomba uthibitisho wa mahali alipoandikishwa. Unaonekana zaidi akiibiwa. Mtu ambaye hajaandikishwa popote huona ugumu wa kwenda kuripoti kwamba dola zake zimetoweka chumbani, na wezi wanalijua hilo.

Kuzidisha siku za viza ni kosa kubwa zaidi. Faini ni yuan 500 kwa siku, na inaweza kufika yuan 10,000, au mtu awekwe ndani kati ya siku tano na 15.

Hoteli rahisi ikoje

Guangzhou ina hoteli za kila mfuko. Za msafiri mwenye bajeti ndogo ni zile za minyororo ya Kichina ambazo utaziona karibu kila mtaa: 7 Days Inn, iliyoanzia jiji hilohilo mwaka 2005, Home Inn, Hanting na nyinginezo. Pembeni yake kuna hoteli ndogondogo zisizo na jina kubwa, nyingi zikiwa ghorofa ya tano au ya nane ya jengo lenye maduka chini.

Chumba cha kawaida huanzia kama yuan 150 hadi 300 kwa usiku, kutegemea mtaa na msimu. Yuan 200 ni karibu Sh100,000 za Uganda. Kwa fedha hizo Mbarara unalala chumba kizuri chenye maji ya moto, na asubuhi unaletewa chai, mayai na matoke. Guangzhou unapata chumba kidogo, safi, kitanda kigumu kidogo, birika la umeme, ndara za kuvaa ndani na chupa mbili za maji. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa. Chai ya asubuhi usiitegemee.

Tazama kama chumba kina dirisha. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi havina, na mtandaoni huandikwa hivyo waziwazi ila kwa Kichina. Kwa usiku mmoja si neno. Kwa wiki mbili, na sampuli za viatu zinazonuka gundi zikiwa chini ya kitanda, ni adhabu. Umeme ni volti 220, lakini plagi yetu ya miguu mitatu minene haiingii kwenye soketi zao, hivyo beba adapta.

Kisha kuna amana, inayoitwa yajin. Hoteli huchukua fedha ya chumba na juu yake kiasi cha ziada, mara nyingi yuan 100 hadi 300, ambacho hurudishwa siku ya kuondoka. Wafanyabiashara wetu wengi huikasirikia wakidhani wanaibiwa. Si wizi, ila inakuwa hasara ukipoteza karatasi yake, ukiacha doa la wino kwenye shuka, au ukiondoka alfajiri kuwahi ndege wakati mhudumu mwenye ufunguo wa droo hajaamka. Waambie usiku uliotangulia kwamba unaondoka mapema. Na kama unataka kuongeza siku, lipa kabla ya saa sita mchana, kwani baada ya hapo kadi ya mlango inaweza kukoma kufanya kazi huku mizigo yako iko ndani.

Pasipoti isibaki mapokezi. Wakishaiandikisha, irudi mfukoni. Omba pia karatasi ya usajili wa makazi, au angalau risiti ya hoteli yenye jina lako, tarehe na muhuri. Chukua na ile kadi ndogo ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Dereva wa teksi asiyejua neno la Kiingereza ataisoma hiyo, na utarudi ulikolala.

Pale unapokataliwa

Kwa miaka mingi hoteli nyingi za bei nafuu hazikupokea wageni wa nje. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazina kibali, au mfumo wao wa kompyuta hausomi pasipoti. Nami nimewahi kusimama mbele ya meza ya mapokezi saa tano usiku, mtaa mmoja nyuma ya kituo cha treni, nikiwa nimeshalipia chumba mtandaoni, na binti wa pale akageuza pasipoti yangu mara tatu, akampigia simu meneja wake, kisha akanionyesha kwenye simu yake sentensi iliyotafsiriwa: samahani, hatupokei wageni. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nililala hoteli ya tatu niliyoijaribu, kwa bei kubwa kuliko niliyopanga.

Mwaka 2024 serikali ya China iliziagiza hoteli zisimkatae mgeni wa nje kwa kisingizio cha kukosa sifa au kibali. Agizo hilo limesaidia, lakini haliko kichwani mwa kila mhudumu wa zamu ya usiku. Mfanyakazi ambaye hajawahi kuandikisha pasipoti ya Uganda au ya Burundi ataona rahisi kusema hapana kuliko kukosea mbele ya polisi, kwani hoteli isiyotoa taarifa za mgeni inaweza kuonywa, na kosa likiwa kubwa hutozwa faini ya yuan 1,000 hadi 5,000. Kwa hiyo kwa siku mbili za mwanzo nashauri ulale mtaa uliozoea wageni, Xiaobei au Sanyuanli, hata kama ni ghali kidogo. Huko wahudumu wameshaona kila rangi ya pasipoti. Jengo la Tianxiu, lililo barabara ya Huanshi, limekuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiafrika kwa miaka mingi, na hoteli za jirani zake zinaijua kazi hiyo. Ni karibu pia na migahawa ya halali ya Waislamu wa China, jambo ambalo Wasomali wa Nakivale hunikumbusha kila nikitaja Guangzhou.

Kuna historia ambayo msafiri anapaswa kuijua. Aprili 2020, hofu ya korona ilipopanda, Waafrika mjini Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia. Wapo waliolala nje, barabarani, na mabegi yao. Viongozi wa jiji walisema wakati huo kwamba Waafrika waliokuwa wakiishi hapo ni 4,553. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing walimwandikia barua ya malalamiko Waziri wa Mambo ya Nje wa China, na Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki Mahamat, alimwita balozi wa China kumweleza wasiwasi wake. Baadaye mamlaka za huko zilitangaza hatua za kukataza ubaguzi hotelini, madukani na katika upangaji wa nyumba.

Katika siku zile hata waliokuwa na karatasi zote walitolewa. Nalisema hili kwa sababu usajili wa hoteli haumkingi mtu na kila kitu. Ila siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, anayeweza kuonyesha alipolala jana na juzi anamaliza mazungumzo na polisi kwa dakika mbili.

Mwenye hati ya mkimbizi

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kupokea Wanyarwanda, na leo ina wakazi zaidi ya laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa safari ya nje mkimbizi hawezi kutumia pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Hutumia hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa na Uganda chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951.

China ilijiunga na mkataba huo mwaka 1982, na mkataba unazitaka nchi wanachama kuzitambua hati hizo. Kutambua hati ni jambo moja, kutoa viza ni jingine, na ubalozi ndio wenye uamuzi. Lakini hata viza ikipatikana, bado kuna ile meza ya mapokezi. Mhudumu anatakiwa kujaza uraia na aina ya hati. Mbele yake kuna kijitabu kilichotolewa na Uganda, mwenye nacho si Mganda, na jalada si lile la pasipoti alilolizoea. Kwa mtu wa namna hii kufika usiku bila kuandika kwanza ni hatari. Atume picha ya ukurasa wa hati na wa viza kwa hoteli siku kadhaa kabla, asubiri jibu la maandishi, na alihifadhi jibu hilo kwenye simu.

Vikundi vingi humtuma mwenye pasipoti ya nchi ya Afrika Mashariki, iwe ya Uganda, Kenya au Tanzania, na sababu ni hiyohiyo. Ni uamuzi wa busara kibiashara, ingawa una uchungu wake: anayezijua bidhaa za Misiera kuliko wote anabaki Misiera, na anayekwenda ni shemeji wa Mbarara ambaye hajawahi kuuza kitenge.

Fedha, simu na maonyesho

Mobile money yetu haifanyi kazi China. Hoteli hupokea fedha taslimu, ingawa wahudumu vijana hushangaa wakiziona, maana wenzao wote wanalipa kwa Alipay au WeChat. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard na programu hizo. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato. Yakizidi hapo hukatwa asilimia tatu. Jaribu kadi ukiwa bado Kampala, kwani benki huweza kuizuia ikiona inatumika ugenini. Anayebeba dola taslimu zaidi ya 5,000 anatakiwa kuzitamka forodhani anapoingia China, na kikundi cha watu kumi hufikia kiasi hicho haraka. Wasizilaze zote chumbani. Makabati ya chuma ya hoteli rahisi, yakiwapo, ni ya kuwatuliza wageni tu.

WhatsApp imefungwa kwenye intaneti ya hoteli, na hili huleta ugomvi Misiera kuliko jambo lolote. Msafiri akinyamaza siku tatu, nyumbani wanaanza kusema ametoroka. Laini ya Uganda iliyowashwa huduma ya nje ya nchi kwa kawaida hufungua WhatsApp, lakini salio linayeyuka. Njia nyepesi ni wenzake wawili waliobaki kuweka WeChat kwenye simu zao kabla hajaondoka, kwani kufungua akaunti huweza kuhitaji mtu mwingine akuthibitishe, na hilo halifanyiki kwa dakika moja ukiwa uwanja wa ndege.

Kuhusu msimu, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika kila Aprili na Oktoba kwa awamu tatu. Vyumba hupanda bei vibaya siku hizo, hata mara mbili. Mchuuzi wa viatu na sufuria hana sababu ya kwenda wakati huo, kwa sababu masoko ya jumla ya Sanyuanli na yale yaliyo karibu na kituo cha treni yamefunguliwa karibu mwaka mzima. Epuka pia mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda vinapofungwa kwa wiki kadhaa. Hoteli itakuwa rahisi, lakini hutapata wa kumwuzia wala wa kukuuzia.

Nani alipe kitanda

Rudi kwenye daftari la kile kikundi. Niliposoma lile neno, atajitafutia, niliuliza msafiri analipwaje. Jibu lilikuwa kwamba hupata kamisheni kwa kila mzigo, na malazi hukatwa humo. Maana yake kila yuan anayookoa kwenye kitanda ni yake, na hasara ikitokea kwa sababu ya kitanda hicho ni ya wote. Mtu yeyote mwenye akili, akiwekwa katika hesabu hiyo, ataishia kwenye chumba cha vitanda sita.

Hesabu yenyewe si kubwa. Usiku 14 kwa yuan 200 ni yuan 2,800, karibu Sh1.4 milioni. Ukigawa kwa watu kumi ni Sh140,000 kila mmoja.

Ubishi ulikuwa mrefu. Mzee mmoja Mrundi alishikilia kwamba fedha hiyo ni marobota ya kandambili yanayopotea bure, na kwamba yeye alilala sakafuni Kampala miaka miwili na hakufa. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye ndiye mweka hazina, akamjibu kwamba Kampala hakuna aliyemwomba pasipoti. Walikubaliana nusu: kikundi kitalipa usiku saba, msafiri atalipa saba, na kila jioni atatuma picha ya risiti ya hoteli kabla ya kutuma picha ya bidhaa. Asipotuma kwa siku mbili, fedha ya pili, ambayo bado iko benki Mbarara, haitatumwa.

Msafiri mwenyewe, kijana wa Mbarara anayeuza vipuri vya pikipiki, alikuwa kimya muda wote. Alipopewa nafasi aliuliza jambo moja tu: kama chumba kinalipiwa na kikundi, kile cha siku saba za kwanza, je, kinaweza kuwa na dirisha? Mweka hazina alifungua daftari akaanza kupiga hesabu upya.